Kuwahesabu Fisi ni Kumlinda Jirani

Ndugu zetu wasomaji, wiki hii tunaomba mturuhusu tuzungumzie jambo ambalo wengi hawakutarajia kulikuta katika safu ya msikiti: kujitolea kukesha ili kuwahesabu wanyama wa usiku.

Katika ukanda wetu huu wa dhahabu, usiku haujawahi kuwa mtupu. Wachimbaji wadogo huteremka katika maduara wakati wengine wamelala, mama lishe huinjika chai kabla ya alfajiri, na jeshi la jadi la sungusungu, lililoanzia katika maeneo yetu haya ya Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, hupita njia kwa njia kulinda mifugo. Kwa hiyo kukesha kwa ajili ya jirani si jambo geni kwetu. Jambo geni ni kukesha na daftari badala ya upinde, na kumwandika fisi badala ya kumfukuza.

Mwanzoni mwa kiangazi hiki kamati yetu ilipokea barua fupi kutoka kwa kamati ya ngitili ya kijiji jirani. Waliomba vijana kumi na wawili wa kujitolea kwa usiku kumi, wasikilize na kuandika fisi, bundi na wanyama wengine wa usiku watakaosikika au kuonekana pembezoni mwa ngitili yao. Malipo hayakuwepo. Kilichokuwepo ni uji, kurunzi chache na ahadi ya kuwa matokeo yatasomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Walichagua kiangazi kwa sababu wakati huo nyasi zimekauka na kulala, macho yanafika mbali, njia hazina tope, na wanyama hukusanyika kwenye maji machache yaliyobaki.

Msomaji aliye mbali na Usukuma huenda akauliza ngitili ni nini. Ni eneo la malisho na miti ambalo kaya au kijiji hulifunga wakati wa masika, ili mifugo ipate majani kiangazi kikiwa kikali. Utaratibu huu wa wazee wetu ulidhoofika sana. Enzi za ukoloni misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970 ngitili nyingi ziliachwa bila mwenyewe. Mkoa ukakaribia kuwa jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ambao uliwarudisha wananchi kwenye desturi yao wenyewe. Zaidi ya hekta 300,000 za ngitili zilirejea. Kikosi kazi cha Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, kilipokagua mwanzoni mwa miaka ya 2000, kiliandika aina 145 za ndege waliokuwa wameadimika au kutoweka, na kikathibitisha kuwa wanyama kama sungura na fisi nao wamerudi.

Hapo ndipo ilipo neema na hapo ndipo ulipo mtihani. Kuni zimerudi, asali imerudi, dawa za miti shamba zimerudi, na fisi amerudi pamoja navyo. Kikosi kazi hicho kilikadiria kuwa hasara inayotokana na wanyamapori ilifikia wastani wa dola 63 za Marekani kwa kaya kwa mwaka, ingawa katika vijiji vingi faida ya ngitili iliizidi hasara hiyo kwa mbali. Lakini mwenye kupoteza mbuzi wawili kwa usiku mmoja hafarijiwi na wastani. Anataka kujua ni nani aliyemla mbuzi wake. Na katika eneo letu, swali hilo lina jibu la zamani ambalo ni la hatari kuliko fisi mwenyewe.

Jibu hilo ni kwamba fisi wa usiku ana mwenyewe. Inasemwa kuwa mchawi humfuga, humpanda na kumtuma. Na anayenyooshewa kidole karibu kila mara ni mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu. Hatuhitaji kueleza kwa urefu yaliyowapata bibi zetu katika mikoa ya Shinyanga, Geita, Mwanza na Simiyu kwa sababu ya macho mekundu, ambayo kwa wengi wao ni matokeo ya miaka hamsini ya kupuliza moto wa kinyesi cha ng'ombe na magunzi ndani ya jiko lisilo na dirisha. Kila mwenye umri wa kutosha hapa amewahi kusikia habari ya mapanga.

Katika kijiji kilichotuandikia barua alikuwepo bibi mmoja wa namna hiyo. Nyumba yake ipo mwisho kabisa wa kijiji, ikipakana na ngitili. Nyayo za fisi zilionekana asubuhi zaidi ya mara moja zikipita karibu na ua wake. Watoto waliacha kwenda kumtekea maji, na wanawake wenzake walianza kununua mboga kwingine. Barua haikumtaja, lakini wajumbe waliotutembelea walitueleza kwa sauti ya chini. Basi tuliona kuwa tulichoombwa kilikuwa na uzito kuliko hesabu ya wanyama.

Tulipolifikisha suala hili mbele ya waumini baada ya swala ya Isha, zilitolewa hoja tatu, na tunazitaja kwa heshima kwa kuwa zilitoka kwa watu wenye nia njema.

Hoja ya kwanza ilitoka kwa mzee wetu mmoja, aliyekumbusha kuwa Mtume (s.a.w) hakupenda mazungumzo baada ya Isha, na kuwa aliagiza watoto wazuiwe ndani jua linapozama. Hoja hii ina asili sahihi katika Sunna. Lakini wanazuoni wametueleza kuwa linalochukiza ni mkesha wa porojo unaomkosesha mtu Alfajiri, kwani imepokewa pia kuwa Mtume (s.a.w) alikuwa akizungumza usiku na Abubakar (r.a) juu ya mambo ya Waislamu. Kwa hiyo tuliweka masharti mawili: hatoki yeyote asiyefikia utu uzima, na kazi inakoma saa sita usiku ili kila mmoja aamke kwa ajili ya Alfajiri.

Hoja ya pili ilisema kuwa fisi na bundi ni viumbe vya kisirani, na Muislamu hana sababu ya kuvifuata. Hapa tulilazimika kusema wazi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w) alikanusha imani ya kisirani, na akaitaja kwa jina imani ya hama. Wanazuoni wanaifafanua hama kuwa ni ndege wa usiku, yaani bundi, ambaye Waarabu wa zama za Jahiliya walidhani hutokana na maiti na kuleta msiba juu ya nyumba anayotua. Kwa maneno mengine, hofu ya bundi juu ya paa ilikwishafutwa na Uislamu zaidi ya karne kumi na tatu zilizopita, nasi bado tunampiga mawe. Ama fisi, Jabir bin Abdillah (r.a) alipoulizwa habari zake alieleza kutoka kwa Mtume (s.a.w) kuwa ni mnyama wa kuwindwa, na kuwa aliyehirimia Hija akimuua hulipa kondoo dume. Maimamu wametofautiana juu ya kumla. Mashafii wamemhalalisha na Mahanafi wamemkataza. Ukisoma pande zote mbili unamkuta fisi akijadiliwa kama mnyama miongoni mwa wanyama, mwenye hukumu yake. Hakuna mlango wa fiqhi unaomfanya kipando cha bibi wa jirani.

Uchawi upo, Qur'an imeutaja, na ni miongoni mwa madhambi makubwa. Lakini sheria ile ile inayoharamisha uchawi inamtaka mwenye kudai alete ushahidi, na imekataza kufuata jambo tusilo na elimu nalo. Kumtuhumu mtu kwa nyayo za mnyama ni uzushi, na uzushi ukimwaga damu, kila aliyeusambaza ana sehemu yake.

Hoja ya tatu ilikuwa fupi: tutapata nini? Kijana mmoja mchimbaji alimjibu muulizaji kabla yetu. Alisema kuwa duarani watu hushuka gizani siku nyingi bila kujua kama kuna dhahabu, na hakuna anayeuliza. Basi usiku kumi kwa ajili ya bibi wa watu si mwingi. Waliojiandikisha walizidi kumi na wawili.

Kazi yenyewe ilipangwa hivi. Kwanza kamati ya ngitili ilipata ridhaa ya serikali ya kijiji na kumwarifu afisa wanyamapori wa wilaya, kwa kuwa wanyamapori wa nchi hii wako chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na si halali kwa mtu kuwawinda au kuwasumbua apendavyo. Kisha viliwekwa vituo vitatu: kimoja ukingoni mwa ngitili, kimoja karibu na lambo la mifugo, na kimoja karibu na jalala la machinjio. Kila kituo kilikuwa na watu wanne, na mmoja wao alikuwa mzee wa sungusungu anayejua njia, kwa sababu katika eneo letu shimo lililoachwa wazi na wachimbaji ni hatari kubwa usiku kuliko mnyama yeyote.

Kuanzia saa tatu usiku walikaa kimya. Kila sauti iliandikwa kwa saa yake, upande iliotoka na idadi ya wanyama. Mlio mrefu wa fisi unaopanda mwishoni huweza kusikika umbali wa kilometa 5 hivi, kwa hiyo fisi mmoja huweza kuandikwa na vituo vyote vitatu. Ndiyo maana saa zililinganishwa kila usiku, ili sauti moja isihesabiwe mara tatu. Kulipopambazuka, watu wawili walipita kukagua nyayo. Unyayo wa fisi una vidole vinne na alama za kucha, na wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Wa chui hauonyeshi kucha. Wa mbwa ni mdogo zaidi. Choo cha fisi hukauka na kuwa cheupe kwa sababu ya chokaa ya mifupa anayoila.

Na akina mama hawakubaki nyuma. Darasa lao la Jumamosi lilijigawa kaya kwa kaya na kuandika mifugo iliyopotea: ni lini, imekutwaje, zizi lilikuwaje. Bila daftari lao, daftari la usiku lingekuwa nusu ya habari.

Usiku wa kwanza vijana waliogopa, na hawakuona haya kulisema. Kurunzi ilipomulika macho mawili yanayong'aa kando ya lambo, mmoja alisoma Ayatul Kursi kwa sauti, na tunamshukuru kwa hilo. Baadaye mwalimu wa sayansi aliyekuwa nao aliwaeleza kuwa nyuma ya jicho la mnyama wa usiku kuna utando unaorudisha mwanga, ili kiumbe huyo aweze kuona kwa mwanga mdogo. Kufikia usiku wa nne walikuwa wakibishana kama sauti fulani ni ya bundi mdogo au mkubwa, na hofu ilikuwa imegeuka kuwa udadisi.

Matokeo yalikuwa haya. Fisi walikuwepo, lakini waliosikika kwa wakati mmoja hawakuzidi vidole vya mkono mmoja, tofauti na kundi kubwa lililokuwa likisimuliwa. Walitoka ngitilini karibu kila usiku kuelekea jalala la machinjio, mahali ambapo mifupa na matumbo vilitupwa wazi. Njia waliyoitumia ni njia ya zamani ya ng'ombe, na njia hiyo inapita hatua chache kutoka ua wa bibi. Zingepita hapo hata kama nyumba ile ingekuwa ya imamu. Ama mbuzi waliopotea, baadhi waliliwa na fisi kweli, hasa waliolala nje ya zizi. Wengine walizungukwa na nyayo za mbwa wasio na mwenyewe.

Taarifa ilisomwa mkutanoni na mtendaji wa kijiji, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja alisimama na kuuliza ni nani mwenye dhamana ya jalala la machinjio, na kuanzia hapo mjadala ulihusu mifupa, mbwa na miiba ya kuzungushia mazizi. Tangu siku hiyo mabaki ya machinjio hufukiwa. Bibi ametembelewa na baadhi ya waliomsusa, na watoto wawili wa jirani wamerudi kumtekea maji. Wapo ambao bado hupita mbali na nyumba yake. Tunasema ukweli huo ili asidhani mtu kuwa daftari moja huondoa hofu ya vizazi. Linachoweza kufanya ni kuwapa watu jambo jingine la kuuliza kabla ya kunyoosha kidole.

Fisi mwenyewe naye ameumbiwa uzushi mwingi. Mtafiti Hans Kruuk alianza kuwafuatilia fisi wa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, mara nyingi usiku wa mbalamwezi akiwa ndani ya gari, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1972 kilionyesha kuwa fisi madoa huwinda sehemu kubwa ya chakula chake, na kuwa Ngorongoro mara nyingi simba ndiye anayempora fisi. Kundi la fisi huongozwa na majike, na kila mmoja hujulikana kwa madoa yake. Katika mji wa Mekelle nchini Ethiopia, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kuwa fisi wa hapo hula zaidi ya tani 200 za mizoga kwa mwaka, na hivyo kupunguza maradhi kama kimeta na kifua kikuu cha ng'ombe.

Huko huko Ethiopia upo mji wa Harar, mji wa Waislamu wenye misikiti mingi na ukuta wa karne ya 16. Ukuta huo una matundu ambayo fisi huingilia usiku, wakala takataka za mjini na kuondoka. Hatumshauri mtu yeyote amlishe fisi. Fisi ni mnyama hatari, na familia kadhaa za Kanda yetu ya Ziwa zimefiwa na watoto kwa sababu yake. Tunachosema ni kuwa Waislamu wenzetu wameishi naye kwa kumjua, na kumjua ndiko kunakoonyesha lini ni salama na lini si salama.

Na faida ya hesabu haiishii kwa fisi. Kisiwani Pemba yupo popo mkubwa ambaye hapatikani popote pengine duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikadiriwa kubaki elfu chache tu kutokana na kuwindwa na kukatwa kwa miti. Wananchi wa huko, kama wale wa Kidike, waliunda vikundi vya kulinda miti anayolala, na baadhi ya miti hiyo imo katika makaburi ya wazee wao. Kufikia mwaka 2006 popo hao walikadiriwa kukaribia 20,000. Popo huhesabiwa jioni wanaporuka kutoka mitini. Kama hapangekuwa na watu wa kuwahesabu, leo tusingejua kama kisiwa kimepata au kimepoteza.

Ndugu zetu wa misikiti mingine ya Msalala, Kahama na Geita, kiangazi hakijaisha. Kabla mvua hazijaanza, mnaweza kuzungumza na serikali za vijiji vyenu na kamati za ngitili. Msitoke bila ruhusa, wala bila wazee wanaojua njia. Msimfuate mnyama, kaeni mahali pamoja na mumsikilize. Akionekana mnyama anayewakabili watu, kazi hiyo ni ya afisa wanyamapori, si ya vijana wa msikiti. Mwenye kupoteza mifugo aandike taarifa siku hiyo hiyo, kwa kuwa maombi ya kifuta jasho hayawezi kutegemea kumbukumbu ya kichwani. Na enyi wazazi, mtoto asiyeruhusiwa kutoka usiku mpeni kazi ya asubuhi: kuzitambua nyayo.

Sura ya Al-An'am, katika aya yake ya 38, inatufundisha kuwa wanyama watambaao na ndege warukao ni umma mbalimbali mfano wetu. Umma una idadi, una njia zake na una haki zake. Tukizijua njia za umma huo wa usiku, tutawaacha bibi zetu walale kwa amani, na mazizi yetu tutayafunga vizuri zaidi.

Wabillahi tawfiq.